Nani Kasema Kanisa la Kale Lazima Liwe na Giza?

Mwishoni mwa mwaka 2014 mhakiki wa usanifu kutoka Marekani, Martin Filler, aliandika makala kali baada ya kutembelea kanisa kuu la Chartres, Ufaransa. Alitarajia kukutana na lile giza lililowaduwaza wasafiri kwa vizazi kadhaa. Akakuta kuta za rangi ya malai na nguzo zilizopakwa upya. Akaiita kazi hiyo kashfa. Wanahistoria wa sanaa Madeline Caviness na Jeffrey Hamburger wakajitokeza kuitetea, magazeti ya Paris yakaingilia, na watu wakakusanya saini kutaka kazi isimamishwe. Haikusimamishwa.

Mimi niko upande wa waliosafisha kuta. Siko nao katika kila jambo, na habari ya sanamu ya Bikira Maria nitaifikia. Ila kuhusu kuta ushahidi ni mzito, na wengi wanaolilia giza la Chartres wanalilia masizi.

Mji wenyewe uko kilomita 90 hivi kusini-magharibi mwa Paris, katikati ya tambarare ya Beauce, mahali ambapo ngano hulimwa hadi macho yanapoishia. Hakuna mlima wa kuzuia, kwa hiyo msafiri huliona kanisa kabla hajauona mji. Minara yake miwili haifanani: wa kusini ni wa karne ya 12, umenyooka bila mbwembwe, mawe yake yamepangwa kama magamba ya samaki; wa kaskazini ulijengwa upya na Jehan de Beauce mwanzoni mwa karne ya 16 baada ya radi kuuteketeza ule wa mbao, nao umejaa nakshi kila pembe. Ngano ile ndiyo iliyolipia yote haya. Dayosisi ya Chartres ilikuwa miongoni mwa zile tajiri kabisa nchini Ufaransa, na baraza la mapadre wa kanisa kuu lilikuwa na mashamba, haki ya kutoza ushuru na mahakama yake lenyewe.

Usiku wa tarehe 10 Juni 1194 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mji, na kanisa la zamani likaenda nalo. Vilivyosalimika ni uso wa magharibi pamoja na minara yake, na kanisa la chini ya ardhi. Hofu kubwa ya wenyeji ilikuwa juu ya masalia moja: kipande cha hariri ambacho mfalme Charles Mpara alikitoa kwa kanisa hilo mwaka 876, na waumini wakaamini kuwa ni shimizi ya Bikira Maria, aliyoivaa siku ya kumzaa Yesu. Kwa ajili ya kitambaa hicho mahujaji walifunga safari kutoka mbali, na mahujaji ndio waliojaza nyumba za wageni na masoko. Wenyeji wakasema basi, Mama ametuacha. Masimulizi ya wakati huo yanaeleza kwamba siku chache baadaye mapadre walitokea na sanduku la masalia likiwa zima, wakiwa wamejificha nalo chini ya ardhi. Kardinali Melior wa Pisa, mjumbe wa Papa, alikuwapo mjini. Tukio lile likafasiriwa kuwa ni ishara kwamba Maria anataka nyumba kubwa kuliko ile iliyoungua.

Mwenye shaka atauliza kama mapadre walikuwa wakijua tangu siku ya kwanza kwamba sanduku liko salama. Pengine. Lakini fedha zilikuja kweli, na kazi ilikwenda kwa kasi ambayo haikuwa ya kawaida: katika muda wa miaka 30 hivi sehemu kubwa ya jengo ilikuwa imesimama. Makanisa mengine ya ukubwa huo yaliburuzwa kwa karne na zaidi, kila kizazi kikibadilisha mtindo. Chartres lina sura moja kwa sababu lilijengwa na watu wa zama moja. Liliwekwa wakfu tarehe 24 Oktoba 1260, mbele ya mfalme Louis wa 9.

Siri ya usanifu wake iko nje. Matao ya mawe yameegemezwa ukutani kutoka pembeni, yanapokea msukumo wa dari lenye kimo cha mita 37 hivi na kuushusha ardhini. Ukuta ukishapunguziwa mzigo, unaweza kutobolewa. Wajenzi wa Chartres walikwenda mbali zaidi: waliondoa roshani nene ya ghorofa ya kati iliyokuwa desturi katika makanisa ya kabla yao, wakaacha ujia mwembamba tu, na nafasi iliyopatikana wakaigawia madirisha ya juu. Mawe yalikuwa yanatoa nafasi kwa vioo.

Na vioo ndivyo vilivyoipa Chartres jina. Madirisha yalikuwa 176, na zaidi ya 150 bado yana vioo vya kale. Kwa jumla ni karibu mita za mraba 2,600. Hakuna kanisa jingine la karne ya 13 lililobaki na hazina inayokaribia hapo. Vilitengenezwa kwa mchanga na majivu yaliyoyeyushwa pamoja, rangi zikitokana na madini: kobalti kwa buluu, shaba kwa nyekundu. Nyekundu ilikuwa na tabu yake, kwani ikiwa nzito inaziba mwanga karibu wote. Mafundi wakajifunza kuitandaza kuwa tabaka jembamba juu ya kioo kisicho na rangi. Vipande vilikatwa, nyuso na mikunjo ya nguo zikachorwa kwa rangi ya kahawia iliyokolea, vikachomwa tanuruni, kisha vikaunganishwa kwa vijiti vya risasi. Madirisha mengi ya chini husomwa kuanzia chini kwenda juu, jambo ambalo humchanganya mgeni aliyezoea kitabu.

Buluu inayosifiwa kwa jina la mji huu ni ya zamani kuliko kanisa lenyewe. Iko katika madirisha matatu marefu ya magharibi, ya miaka ya 1150 hivi, ambayo yaliunusurika moto pamoja na ukuta wake, na katika dirisha la Bikira Maria liitwalo Belle Verrière, ambalo vioo vyake vya katikati, vya mnamo 1180, viliokolewa na kuzungushiwa malaika wa karne ya 13. Ukisimama mbele ya Belle Verrière unaona tofauti bila kuambiwa: buluu ya Maria ni nyepesi, ya anga ya asubuhi, ya malaika walioongezwa ni nzito. Sababu mojawapo ni ya kikemia. Kioo kile cha buluu cha karne ya 12 kilitengenezwa kwa soda, na hustahimili hali ya hewa kuliko kile cha majivu ya miti kilichokuja kutawala baadaye, ambacho huliwa na unyevu hadi kikafanya ukurutu.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika madirisha haya haina mtakatifu hata mmoja. Ziko pembe za chini ambako utaona waoka mikate na vikapu vyao, wachinjaji, washona viatu, maseremala, waunda magurudumu, wabeba maji, wauza ngozi za manyoya wakimwonyesha mteja bidhaa. Kwa muda mrefu zilielezwa kuwa ni saini za wafadhili: kila chama cha mafundi kilichanga, kikalipia dirisha lake, na picha ni shukrani. Ni hadithi tamu ya mji mzima kujenga kwa pamoja. Wanahistoria wa karibuni wameitilia shaka, na nadhani wako sahihi. Mafundi wa Chartres wakati huo hawakuwa na vyama imara vya kujitegemea, na uhusiano wao na mapadre haukuwa wa kupendeza. Mwezi Oktoba 1210 wenyeji waliivamia nyumba ya mkuu wa baraza la mapadre, na mfalme Philippe Auguste akaingilia kati na kuwatoza faini. Ugomvi ulihusu nani ana mamlaka juu ya nani: watumishi wa mapadre, waliofanya biashara mjini, wangehukumiwa na nani na wangemlipa nani ushuru. Picha ya mwoka mikate mpole aliyepigwa na mwanga wa jua inaweza kuwa ndivyo mapadre walivyotamani mwoka mikate awe.

Wakubwa nao waligombana kwa vioo. Dirisha la duara la kaskazini limejaa ngome za Kastilia na maua ya kifalme ya Ufaransa, alama za malkia Blanche, mama yake Louis wa 9. La kusini, linalotazamana nalo, lina nembo za Pierre de Dreux, mtawala wa Bretagne, ambaye alikuwa miongoni mwa waasi waliomsumbua malkia huyo mwanawe alipokuwa bado mdogo. Chini ya duara hilo la kusini wainjilisti wanne wamebebwa mabegani na manabii wanne wa Agano la Kale, watu wazima wamekaa juu ya mabega ya wazee wao wakiangalia mbele. Ni picha ya ajabu, na ni vigumu kuitazama bila kukumbuka kwamba Bernard, mwalimu wa shule ya Chartres karne moja kabla, ndiye aliyesema kwamba sisi ni mbilikimo tuliokaa mabegani mwa majitu. Maneno hayo tunayapata kwa John wa Salisbury, aliyekufa mwaka 1180 akiwa askofu wa mji huo huo.

Turudi kwenye giza. Wapinzani wa usafishaji wana hoja moja nzito, na nashangaa kwamba wengi wao waliiacha wakakimbilia hisia. Ni hoja ya jicho. Mboni hujirekebisha kulingana na mwanga wa mahali pote, si wa dirisha peke yake. Ukuta ukiwa mweusi, mboni hupanuka, na kioo huonekana kuwaka. Tena katika mwanga hafifu jicho hupoteza wekundu kwanza, huku buluu ikibaki. Ndiyo maana jioni ua jekundu huonekana jeusi mapema kuliko ua la buluu. Kwa hiyo Chartres lenye masizi lilikuwa mtambo wa kukuza buluu. Ukipaka ukuta rangi ya malai, mwanga huruka huku na huko, mboni hujikunja, na kioo kile kile hupoteza sehemu ya moto wake. Aliyekwenda zamani na akarudi juzi hakuota. Ameona kitu tofauti.

Ni kweli. Lakini nani alikusudia mtambo ule? Chini ya masizi mafundi walikuta lipu ya karne ya 13 ikiwa imebaki kwa sehemu kubwa: rangi ya manjano iliyopauka, imechorwa mistari myeupe inayoigiza viungo vya mawe, mistari ambayo mara nyingi hailingani na viungo halisi vilivyo chini yake. Yaani waliojenga hawakutaka hata jiwe lenyewe lionekane lilivyo. Walitaka ukuta safi, wenye mpangilio, unaopokea mwanga. Madirisha yale mazito ya karne ya 13 yalipangwa na watu waliojua kwamba yatazungukwa na kuta angavu. Weusi uliletwa na mishumaa, ubani, vumbi, na baadaye mitambo ya kupashia kanisa joto. Tena kuta hazikuwa peke yake: vioo vilikuwa vimepata utando wa uchafu kwa nje na kwa ndani, na navyo vimesafishwa, vikawekewa kioo kingine cha kuvikinga upande wa nje. Anayelinganisha zamani na sasa kwa kuangalia kuta tu anasahau kwamba mwanga unaoingia nao umebadilika.

Hata mapadre wenyewe hawakulipenda giza. Katika karne ya 18 walivunja kizuizi cha mawe kilichotenganisha waumini na sehemu ya altare, wakaipamba sehemu hiyo kwa marumaru na lipu ya kuigiza marumaru, wakamweka Bikira Maria akipaa mbinguni, kazi ya mchongaji Bridan. Kisha wakaona watu hawaioni vizuri. Wakang'oa vioo kadhaa vya karne ya 13 na kuweka vioo vyeupe. Hasara hiyo hairudi, na haikufanywa na maadui wa kanisa. Mapinduzi ya Ufaransa yalipokuja, wanamapinduzi walibandua risasi ya paa na mwaka 1793 wakaichoma moto sanamu ya kale ya Bikira Maria ya kanisa la chini. Lakini vioo, kwa sehemu kubwa, waliviacha. Nikipima kwa vioo peke yake, mapadre wa karne ya 18 ndio waliolidhuru kanisa lao kuliko wanamapinduzi.

Mwaka 1836 uzembe wa mafundi waliokuwa wakitengeneza paa uliunguza mbao zote za juu, zilizoitwa msitu kwa wingi wake. Badala yake likawekwa paa la chuma na kufunikwa kwa shaba, ndiyo maana leo ni la kijani. Vita viwili vikuu vilipokuja vioo vilishushwa kipande kwa kipande. Katika vita vya pili vilipelekwa hadi Dordogne, kusini-magharibi mwa nchi. Agosti 1944 kanisa likiwa na matundu matupu, Kanali Welborn Griffith wa jeshi la Marekani aliingia kukagua kama Wajerumani wanautumia mnara kuongozea mizinga. Hakukuta mtu, na kanisa halikupigwa. Aliuawa siku hiyo hiyo karibu na mji, huko Lèves.

Nimeyataja haya kwa sababu ya neno ambalo warekebishaji walilipenda mno: kurudisha. Kurudisha wapi? Sehemu ya kati ya kanisa sasa inaonyesha karne ya 13. Sehemu ya altare inaonyesha marumaru ya kuigiza ya karne ya 18, imesafishwa vizuri, ikigongana na mistari ya lipu iliyo jirani yake. Paa ni la karne ya 19, na hakuna aliyependekeza kurudisha mbao. Kila pahali pamefanyika uchaguzi, na uchaguzi mwingi una akili: hubomoi kazi ya Bridan ili kuweka kitu ambacho hakipo tena. Hapo ndipo ningewabana warekebishaji. Walizungumza kana kwamba wanafuata ushahidi popote unapowapeleka, wakati katika kila nguzo walikuwa wakiamua waishie mwaka gani.

Uamuzi mbaya kuliko yote ni ule wa Bikira Maria wa Nguzo. Ni sanamu ya mbao ya karne ya 16, imekaa juu ya nguzo upande wa kaskazini wa kanisa, mtoto mkononi. Mahujaji walimjua akiwa mweusi. Walimwashia mishumaa akiwa mweusi, wakaeleza habari zake kwa watoto wao akiwa mweusi, wakamweka katika ukoo wa wale Mabikira weusi wa Ulaya, kama yule wa Rocamadour au yule wa Częstochowa. Warekebishaji wakasema weusi huo haukuwa wa asili, wakamrudishia uso mweupe wa pinki, mashavu mekundu na joho lenye rangi. Msomaji wa Kiafrika atakuwa na lake la kusema hapa, na ana haki; ila nisidanganye kwamba mchongaji alikusudia mwanamke wa Kiafrika. Hakukusudia. Hoja yangu ni nyingine. Masizi ya ukutani hayakuombwa na mtu. Hakuna aliyepiga magoti mbele ya ukuta kwa sababu ni mweusi. Sanamu ile ilipigiwa magoti, na weusi wake, uwe umetokana na moshi wa mishumaa au brashi ya mtu, ulikuwa umekuwa sehemu ya sala. Kuuondoa kwa kigezo kile kile kilichotumika kwa lipu ni kutojua tofauti kati ya jengo na mtu anayependwa.

Nani alipaswa kuulizwa? Kwa sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na serikali, makanisa makuu karibu yote ya Ufaransa ni mali ya dola. Askofu na waumini wake ni watumiaji. Kazi za urekebishaji husimamiwa na wasanifu majengo wa serikali chini ya wizara ya utamaduni, na ndivyo ilivyokuwa Chartres chini ya msanifu Patrice Calvel. Utaratibu huo umeyaokoa majengo mengi ambayo parokia zisingeweza kuyatunza. Lakini meza inayoamua imejaa wataalamu wa mawe na rangi, na kwa wataalamu hao mshumaa wa bibi kizee ni chanzo cha masizi.

Na wala meza hiyo haina msimamo mmoja. Kanisa la Notre-Dame la Paris, lililoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024, limerudishiwa paa la mbao na mnara wa msanifu majengo Viollet-le-Duc, wa karne ya 19, kwa uaminifu mkubwa. Kuta zake nazo sasa ni nyeupe, na safari hii malalamiko yalikuwa machache. Wakati huo huo rais Emmanuel Macron ameamua kwamba madirisha sita ya upande wa kusini, yaliyobuniwa na Viollet-le-Duc huyo huyo na ambayo moto haukuyagusa, yatolewe na kuwekwa vioo vipya vya msanii Claire Tabouret. Tume ya taifa ya urithi ilipinga mwezi Julai 2024. Rais akaendelea. Mnara wa karne ya 19 unarudishwa kwa sababu ni wa kihistoria, na madirisha ya mtu yule yule yanang'olewa yakiwa mazima. Mapadre wa Chartres wa karne ya 18 walau walikuwa na sababu ya kueleweka: walitaka watu waone altare.